Mashapo si Akiba: Istilahi za Utafutaji wa Dhahabu na za Uuzaji wa Hisa

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea maswali kutoka kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kuhusu maneno yatumikayo katika habari za utafutaji wa dhahabu, hususan pale habari hizo zinapoambatana na mwaliko wa kununua hisa. Kuongezeka kwa maswali hayo kuna sababu mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni bei ya dhahabu yenyewe, ambayo mwezi Machi 2025 ilivuka dola 3,000 za Marekani kwa wakia moja, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo ilikuwa imevuka dola 4,000. Ya pili ni marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, ambayo yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mambo ambayo zamani yalizikwa katika makabrasha ya Kiingereza sasa hayana budi kusemwa kwa Kiswahili, na kusemwa sawasawa.

Lililotusukuma hasa kuandika makala haya, hata hivyo, si bei wala sheria. Ni kipeperushi kimoja tulichoonyeshwa Mbagala, wilayani Temeke, na mwalimu mstaafu aliyekuwa akifikiria kutoa sehemu ya kiinua mgongo chake kununua hisa za kampuni inayotafuta dhahabu huko Kanda ya Ziwa. Wakala wa hisa hizo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, na tulisikia baadaye kwamba vipeperushi vyake vilikwisha kufika hata Tegeta na Bunju, upande wa Kinondoni. Hatutaitaja kampuni wala wakala, kwa kuwa shabaha yetu ni maneno.

Tulipomwamkia mzee huyo hakupoteza wakati. "Marahaba, wanangu," alisema. "Nyinyi ndio watu wa lugha. Hapa pameandikwa kwamba kampuni ina akiba ya dhahabu. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na miwili. Akiba ni kitu kilichokwisha kuwekwa. Kipo, kinasubiri mwenyewe. Au maana imebadilika nilipostaafu?"

Maana haikubadilika. Aliyekosea ni mfasiri. Nyuma ya kipeperushi palikuwa na ukurasa wa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno, na humo hapakutajwa akiba hata mara moja. Palitajwa kiasi cha dhahabu kinachokisiwa kuwamo ardhini, pamoja na onyo kwamba haijathibitika kuwa dhahabu hiyo yaweza kuchimbwa kwa faida. Kati ya ukurasa ule na huu, neno moja lilikuwa limegeuza dhana kuwa mali.

Ili tuyaweke maneno mahali pake, inafaa kwanza tueleze kazi yenyewe ilivyo.

Kampuni za namna hii hupenda kutafuta karibu na machimbo ya zamani, na hilo si jambo la ajabu. Dhahabu ya Tanzania ilianza kuchimbwa kwa taratibu za kisasa wakati wa Wajerumani. Mgodi wa Sekenke, katika eneo la Iramba, ulianza mwaka 1909. Mwaka 1922 dhahabu iligunduliwa katika mchanga wa mito ya Lupa, huko Chunya, na kuvuta maelfu ya watu katika miaka iliyofuata. Baadaye ikaja migodi ya Geita, Kiabakari na Buhemba. Mingi kati ya hiyo ilikuwa imefungwa ilipofika katikati ya miaka ya 1960; ule wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Lakini mgodi hufungwa kwa sababu nyingi, na kuisha kwa dhahabu ni moja tu kati yake. Wazee wale walichimba mwamba uliokuwa na dhahabu nyingi na kuuacha ule wenye dhahabu haba, kwa kuwa bei ya siku zile haikulipa gharama. Bei ikipanda, mwamba ulioachwa huanza kuwa na thamani. Isitoshe, ramani za zamani zipo, barabara zipo, na miamba ya aina ileile huendelea chini ya ardhi kupita mipaka ya shimo la kale. Ndiyo maana Geita ilifunguliwa upya mwaka 2000, ikiwa mgodi wa wazi mkubwa. Vivyo hivyo huko Lupa: si mbali na mahame ya mgodi wa Saza, uliofungwa katika miaka ya 1950, ulizaliwa mgodi wa New Luika, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2012 chini ya kampuni ya Shanta Gold, ambayo ilikuwa ikiuza hisa zake katika soko la kampuni ndogondogo huko London tangu mwaka 2005.

Hapa tumetumia neno mahame kwa makusudi. Tumeona wafasiri wakiandika "mgodi wa kihistoria", jambo linalomfanya msomaji afikirie makumbusho na tiketi za kiingilio. Kiswahili kina neno lake kwa mahali palipohamwa na watu, nalo ni mahame. "Mahame ya mgodi" hueleweka Chunya na hueleweka Temeke. Ikiwa mgodi ulifungwa kwa utaratibu, mashimo yakafukiwa na ardhi ikatengenezwa, basi uitwe "mgodi uliofungwa". Mfano ni Golden Pride wa Nzega, uliofungwa mwaka 2014. Ukiwa uliachwa ovyo, ni "mgodi uliotelekezwa". Mtumishi wa serikali anayeandika barua kuhusu fidia au mazingira atajua kwamba tofauti hiyo si ndogo.

Tahadhari moja kuhusu ujirani. Kipeperushi cha Mbagala kilisema kwa fahari kwamba eneo la kampuni li "jirani na migodi mikubwa". Ujirani ni sababu njema ya kuanza kutafuta, lakini si ushahidi wa kupata. Mkazi wa Tegeta aliyejenga chini ya kilima cha Wazo, ambako chokaa ya saruji huchimbwa kila siku, hana hakika kwamba chini ya nyumba yake mna chokaa ya kufaa kiwanda, na hata ikiwamo, kiwanda si chake.

Sasa kazi yenyewe. Anayetafuta dhahabu huanza kwa kuomba leseni ya utafutaji. Leseni hiyo humpa haki ya kutafuta, si haki ya kuchimba na kuuza. Huchora ramani ya miamba, hukusanya sampuli za udongo, hukata mitaro, na palipo na dalili njema huleta mashine ya kuchoronga. Kitenzi hiki, kuchoronga, ni cha thamani kubwa, nasi tunawashukuru wataalamu wa madini walioking'ang'ania. Kuchoronga ni kutoboa tundu jembamba, lenye kina cha makumi au mamia ya mita, ili kupata sampuli ya mwamba kutoka chini. Kuchimba ni kutoa madini. Magazeti yetu huandika mara kwa mara kwamba kampuni fulani "imeanza kuchimba", kumbe imechoronga matundu machache tu. Msomaji hudhani dhahabu inatoka. Vijana wa kijijini hufunga safari kwenda kuomba kazi ambazo hazipo.

Sampuli hupelekwa maabara ili kupima kiwango cha dhahabu, nacho hutajwa kwa gramu katika tani moja ya mwamba. Walimu wa hesabu wataona faida ya mfano huu. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwamba wenye gramu 3 kwa tani, basi, huhitaji kuvunjwa na kusagwa tani 10 na ushei ili kupata wakia moja, na hiyo ni kama dhahabu yote itakamatwa kinuni, jambo ambalo halitokei. Lori zima la mawe kwa kipande kisichojaza kijiko cha chai! Na tuongeze kwamba wakia hii ya dhahabu si wakia ya vitu vingine, ambayo ni gramu 28.35 tu, wala si tola ya masonara wetu wa pwani, ambayo hukaribia gramu 11.7. Mfasiri akiziona hesabu hazilingani, achunguze kipimo kabla ya kumlaumu mwandishi.

Pia aangalie "unene". Taarifa husema, kwa mfano, kwamba tundu limepita katika mita 12 za mwamba wenye gramu 5. Ikiwa mwamba wenye dhahabu umeinama na tundu limeufuata kwa mshazari, mita 12 za tundu zaweza kuwa mita 4 tu za mwamba. Tunapendekeza "urefu wa tundu katika mwamba" kwa kipimo cha kwanza, na "unene halisi" kwa cha pili. Taarifa ikitaja kimoja tu, mfasiri asiandike "unene" kwa kubahatisha.

Baada ya matundu mengi kuchorongwa, wataalamu hukadiria kiasi cha dhahabu kilichomo. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu. Kanuni za taarifa za madini zitumikazo katika masoko makubwa ya hisa, ile ya Australia iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na ile ya Kanada iliyoanza kutumika mwaka 2001, hugawa makadirio hayo katika mafungu mawili yasiyochanganywa kamwe. Fungu la kwanza ni madini ambayo, kwa ushahidi wa kijiolojia, yamo ardhini kwa namna inayotoa matumaini ya kuchimbika siku moja. Fungu hili lina ngazi tatu, kutegemea wingi wa ushahidi. Fungu la pili ni sehemu ile tu ya lile la kwanza ambayo imekwisha kupimwa kwa mizani ya fedha: gharama za kuchimba, za kusaga, za umeme, za kodi na mrabaha, bei ya soko, ruhusa za serikali, na baada ya yote hayo imeonekana kwamba italipa. Fungu hili lina ngazi mbili. Kanuni zenyewe hulazimisha kampuni iseme wazi kwamba fungu la kwanza halijathibitika kuwa na faida.

Wafasiri wetu wametumia maneno manne bila mpango: rasilimali, hifadhi, akiba na mashapo. Tuyatazame.

Rasilimali ni neno zuri, lakini limebeba mizigo mingi. Asili yake ya Kiarabu ni mtaji, na hadi leo katika vitabu vya hesabu za biashara huweza kumaanisha mali au mtaji wa kampuni. Katika hotuba huwa misitu, maziwa, wanyamapori, hata watu. Waraka wa hisa ukisema "rasilimali za kampuni", msomaji hawezi kujua kama anaambiwa habari za benki au za mwamba. Hifadhi nayo imekwisha kuchukuliwa na Serengeti na Ngorongoro, nasi hatuoni sababu ya kuinyang'anya.

Mashapo yana historia ya kupendeza. Kwa watu wa pwani mashapo ni yale yanayotuama chini ya chombo: ya kahawa, ya mafuta, ya pombe. Wanajiolojia waliyachukua kwa vitu vilivyotuama chini ya maji, na kutoka hapo Wizara na taasisi zake zikayapanua hata yakawa jina la madini yaliyolala ardhini kwa wingi wa kutajika. Wako wanaopinga, wakisema kwamba dhahabu iliyomo katika mwamba mgumu haikutuama kama ungaunga wa kahawa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa jiolojia, ila kwa lugha imechelewa. Neno limekwisha kukubalika Dodoma, Geita na Kahama, na lina sifa moja tunayoihitaji sana, nayo ni kwamba halimwahidi mtu chochote. Hakuna aliyewahi kujisifu kwa mashapo ya kahawa.

Akiba, kwa upande wake, huahidi. Mwalimu wetu wa Mbagala alisema yote. Akiba imewekwa, ina mwenyewe, na methali husema haiozi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba fungu la kwanza liitwe mashapo peke yake, na ngazi zake ziwe "mashapo ya kukisiwa", "mashapo ya dalili" na "mashapo yaliyopimwa". Fungu la pili liitwe "akiba ya mbale", na ngazi zake ziwe "akiba yumkini" na "akiba thabiti". Mbale ni jiwe lenye madini, neno ambalo wachimbaji wa Geita hulitumia kila siku bila kusubiri kamati yoyote. Tunalipendelea kuliko "mawe ya dhahabu", kwa kuwa hutumika pia kwa shaba na chuma. Kati ya mashapo na akiba husimama kazi iitwayo upembuzi yakinifu, ambayo ni miongoni mwa istilahi zetu zilizofaulu kuliko zote: husikika redioni, na hakuna anayeuliza maana yake.

Kampuni yenye mashapo ya kukisiwa, basi, haina akiba. Mfasiri akiandika akiba, amesema uongo, hata kama hakukusudia.

Kosa la pili tuliloliona katika kipeperushi lilikuwa la kichekesho zaidi. Kampuni ilijiita "mchimbaji mdogo". Kwa sheria za Tanzania, mchimbaji mdogo ni Mtanzania mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, katika eneo lisilozidi hekta 10 kwa dhahabu. Ni mtu wa duara, wa matimba na wa karasha. Kampuni inayouza hisa Toronto au Sydney huitwa ndogo kwa kulinganishwa na Barrick au AngloGold Ashanti, lakini yaweza kuwa na mamilioni ya dola na helikopta ya kukodi. Tena haichimbi. Kazi yake ni kutafuta, na faida yake aghalabu hutokana na kununuliwa na kampuni kubwa. Ndivyo ilivyokuwa Bulyanhulu: Sutton Resources ya Vancouver, kupitia kampuni yake tanzu ya Kahama Mining Corporation, ilifanya utafutaji huko, kisha mwaka 1999 ikanunuliwa na Barrick, na mgodi ukaanza kazi mwaka 2001. Wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, ambao walikuwa wamekwisha kuondolewa katika eneo hilo mwaka 1996, wangeshangaa kusikia kwamba jina lao lilikuwa pia la Sutton. Tunapendekeza "kampuni ya utafutaji", basi, bila ya "ndogo" wala "changa". Kinachoitofautisha ni kazi yake.

Tukifika katika soko la hisa, tunakutana na neno ambalo limetusumbua kuliko mengine yote: dhamana. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara mwezi Aprili 1998. Katika jina la Mamlaka, dhamana ni hati zote za fedha zinazouzwa sokoni: hisa, hati fungani na nyinginezo. Lakini nenda Mwananyamala, au Tandika, ukamuulize mama muuza vitambaa dhamana ni nini. Atakuambia ni ile inayomtoa mtu mahabusu, au ile nyumba anayoweka rehani ili apate mkopo. Kwa vyovyote ni kitu cha kukuondolea hofu. Mtu huyo akiambiwa kwamba hisa za kampuni ya utafutaji ni "dhamana zilizosajiliwa", atafahamu nini? Atafahamu kwamba kuna aliyemdhamini. Ilhali hisa hizo ni katika vitu visivyo na dhamana kabisa: kampuni haina mapato, haitoi gawio, na matundu yasipoonyesha kitu fedha imekwenda.

Jina la Mamlaka li katika sheria, na si kazi yetu kulibomoa. Tunachoshauri ni hiki. Pale maana ni hisa, mfasiri aandike hisa. Pale maana ni hati fungani, aandike hati fungani. Neno dhamana abaki nalo katika jina la Mamlaka na katika vifungu vya sheria, na hata huko alieleze mara ya kwanza linapotokea. Mtumishi anayejibu barua ya mwananchi asiandike "dhamana yako" akimaanisha hisa yake.

Karibu na hilo kuna "waraka wa matarajio". Kwa sheria huu ni waraka wa kueleza ukweli wote kabla ya hisa kuuzwa, pamoja na hatari zake, na anayeficha jambo humo huwajibika. Jina lake la Kiswahili linasikika kama orodha ya matumaini. Baadhi yetu tungependa "waraka wa toleo la hisa". Wengine wanasema la zamani limekwisha kuzoeleka tangu makampuni kama ya bia, ya sigara iliyoko Chang'ombe na ya saruji iliyoko Wazo yalipouza hisa zake kwa umma, na watu wengi wa Temeke na Kinondoni walikwisha kulisoma kwenye fomu. Jambo hili hatukuliafiki wala kulikataa. Tunakumbusha tu kwamba wanunuzi wale walikuwa wakiziona chimni za viwanda hivyo kutoka barazani kwao, na kampuni ya utafutaji haina chimni.

Kampuni isiyo na mapato huishi kwa kuuza hisa mpya. Ikiwa na hisa milioni 100, na wewe ukawa na milioni moja, unamiliki asilimia moja. Ikitoa nyingine milioni 100 ili kulipia mashine ya kuchoronga, hisa zako ni zilezile, lakini umiliki wako umekuwa nusu ya asilimia. Kitendo hicho hakikuwa na jina. Baadhi ya waandishi husema "kufifisha", kama rangi inavyofifia kwa jua. Sisi tunapendelea "kuzimua", neno la watengeneza vinywaji: unaongeza maji, chombo kinajaa, ukali unapungua. Tangu mwaka 2017 sheria yetu ya madini huipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni ya uchimbaji au leseni kubwa ya uchimbaji, na hisa hizo hazizimuliwi. Mnunuzi wa Mbagala hana kinga hiyo, na mfasiri akiruka neno hili amemnyima jambo la lazima kulijua.

Vipi kuhusu kitendo chenyewe cha mtu kutoa fedha yake? Katika miaka ya 1970 tulisema "kitega uchumi". Sasa tunasema "kuwekeza". Kuwekeza kumetokana na kuweka, na anayeweka hutarajia kukuta. Kwa hisa za namna hii tungependa kusikia "kubahatisha" bila ya aibu. Hatusemi "ulanguzi", kwa maana tangu msako wa mwaka 1983 neno hilo lina harufu ya mahabusu, na kununua hisa si kosa.

Mwisho kuna istilahi ambayo ni hatari kuitafsiri neno kwa neno. Katika lugha kadhaa za Ulaya, mtu anayeongeza dhahabu kwa siri katika sampuli ili ionekane kwamba mwamba ni tajiri husemwa kuwa ameitia chumvi. Kwa Kiswahili kutia chumvi ni kukuza habari. Hufanywa na kila mvuvi na kila mpenzi wa mpira, na hakuna anayefungwa. Tazama kilichotokea Busang, katika kisiwa cha Borneo, upande wa Indonesia. Kampuni ya Bre-X ya Calgary, ambayo hisa zake zilianza kwa senti, ilitangaza dhahabu nyingi mno hata thamani yake sokoni ikafika mabilioni ya dola. Mwezi Mei 1997 wakaguzi wa nje walithibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu na kwamba hapakuwa na mashapo ya maana. Waliopoteza fedha si walanguzi peke yao. Mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario ulikuwamo. Kanuni ya Kanada ya mwaka 2001 ilitokana na mkasa huo. Mfasiri akiandika kwamba watu wale "walitia chumvi sampuli", amepunguza jinai ikawa porojo. Aandike "walighushi sampuli".

Yako maneno ambayo bado hatujayapatia ufumbuzi. La kwanza ni ile hati inayompa mtu haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyokwisha kupangwa, ambayo kampuni za utafutaji hupenda kuigawa. "Hati ya haki ya kununua" ni ndefu mno, na "hisa stahiki" imekwisha kutumika kwa jambo jingine. La pili ni mwamba wa kijani wa kale unaobeba dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Wasomaji wa Geita, Chunya na Nzega ambao wachimbaji wao wana majina ya vitu hivi watuandikie. Maneno marudio, kwa mchanga uliokwisha kusafishwa mara moja, na magwangala, kwa mawe yanayomwagwa nje ya mgodi, tuliyapata kwa njia hiyo, nayo hayana mpinzani.

Mwalimu wa Mbagala alichukua kalamu nyekundu, akakata neno akiba katika kipeperushi, akaandika juu yake "mashapo ya kukisiwa", kisha akamrudishia wakala na kumwomba amletee tafsiri ya ukurasa ule wa herufi ndogo. Wakala aliahidi kurudi Ijumaa. Ijumaa tatu zimepita.